Fundo la Bogna

Nilisema ni ya Ligia, mtoto wa dada yangu.
Uongo. Ilikuwa yangu tangu mwanzo,
mwanamume wa miaka arobaini na minne, fundi wa lifti asiye na lifti,
jikoni kwa mama, ghorofa ya nne, mjini Łódź,
Februari imeganda madirishani kama mafuta ya jana kwenye kikaango.

Mota ya kwanza niliitoa kwenye printa
iliyotupwa nje ya ofisi ya bima, mvua imeshaionja.
Swichi, kutoka kikausha nywele kilichoungua.
Betri, kutoka drili iliyokufa ikiwa na chembe ya uhai.
Mota ya pili,
hiyo nitaisema baadaye.

Mwili wake niliuchapa kwa mashine ya kuazima,
ile isiyochapa maneno bali vitu,
inayodondosha plastiki ya moto, uzi juu ya uzi.
Usiku wa kwanza ilinipa tambi:
rundo la tambi za kijani, za kutosha mlo wa jioni.
Usiku wa pili, magurudumu mawili, moja likiwa yai.
Usiku wa tatu nilikaa nayo kama anayemkesha mgonjwa,
na alfajiri nikayabandua yakiwa bado vuguvugu,
nikayavisha mpira wa tyubu ya baiskeli
yaubane uzi bila kuuuma.

Mama hakuuliza.
Alipita na chai, akapita na kikombe kitupu.
Miaka thelathini na mmoja kati ya mitambo ya kufumia
ilimla sikio la kushoto;
ukimwambia neno upande huo, umeuambia ukuta.

Jumapili Ligia akaja, theluji kwenye buti.
“Inafanya nini?”
Inarusha uzi.
“Unaenda wapi?”
Hauendi popote. Unarudi.
Akanitazama
jinsi watoto wanavyowatazama watu wazima wanaohitaji msaada.

Nikabonyeza.
Kitanzi kikachomoka kati ya magurudumu, mita mbili za uzi wa pamba,
kikainuka hewani kama nyoka aliyeitwa kwa jina lake,
kisha fundo langu likafika.
Tak.
Nikaunga tena. Tak.
Mara ya tano uzi ukajisokota kwenye ekseli,
moshi ukanuka, Ligia akapiga makofi.

“Hiyo,” akasema mama kutoka kitini,
sikio zima limeelekea mezani,
“ni sauti ya redio ya Lucjan.”

Ndiyo. Mota ya pili.
Niliichomoa kwenye redio ya kaseti ya baba,
redio aliyoitafuta Bogna miezi miwili,
chini ya kitanda, nyuma ya kabati, kwa majirani,
nami nikimsaidia kutafuta.

Mafundo mawili jikoni mle,
na moja tu lilikuwa la uzi.

Akaja. Akaling'ata fundo langu, akalitema.
Akalowesha ncha mbili kwa ulimi,
vidole vikafanya jambo ambalo macho yangu hayakulifuata,
na pale penye kiungo pakabaki kitu
kidogo kuliko mbegu ya haradali.
“Kiwandani,” akasema, “fundo nene lilikatwa mshahara.”

Nikabonyeza.
Hakuna tak.
Uzi ukaruka, ukapinda, ukarudi, ukaruka,
umeegemea kushoto kidogo, maana mota hazilingani:
ya bima ina haraka,
ya baba inazunguka kama alivyokuwa akipanda ngazi.
Ligia akaugusa kwa kidole,
wimbi likakimbia juu ya uzi hadi mwisho usio mwisho.
Mama akatanguliza kiganja chini yake,
si kuushika, ila kama ulezi ungedondoka.

“Ulisema labda imeibwa.”
Ndiyo, Mama.
“Basi mwizi asizime.”

Betri ilidumu dakika kumi na tisa.
Nilizihesabu, maana sikujua pa kutazama.