Matanga Yasiyoanuliwa

Joho limeletwa jana, limefungwa kwa gazeti,
kwapa limepasuka, kishikizo kimoja hakijulikani kilipo.
Wakili Chepng'eno ana haraka: kesho saa tatu
anasimama Milimani mbele ya jaji.
"Fundi, lishone lisije likaniaibisha."

Nalitandaza mezani, hapa Mtaa wa Biashara,
ghorofani, juu ya duka la sare za shule.
Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi
haumwonei huruma mtu wa miwani.

Namuuliza: mbona jeusi, na jua hili la Februari?
Anacheka. Anasema walivyoambiwa chuoni:
wapo wasemao, na wapo wabishao,
kwamba huko Uingereza alikufa mfalme,
au malkia, hapo hawajapatana,
mawakili wakavaa nguo za msiba,
na miaka mia tatu na ushei imepita
hajatokea wa kuwaambia wavue.

Mkasi ukanisimama mkononi.

Msiba wa nani, basi, huu ninaoushona?
Hawakuwa na shangazi hata mmoja
wa kukunja jamvi, kumwaga majivu,
na kusema, jamani, rudini makwenu?

Mimi nilikaa eda Pumwani
miezi minne na siku kumi,
bila wanja, bila hina, bila marashi.
Kila alfajiri nilitoa punje ya hindi koponi.
Siku kopo lilipolia tupu
nikaoga, nikafungua dirisha,
kesho yake nikapanda ngazi hizi kuja kazini.
Msiba una hesabu.

Lakini huu wa wenzetu ulipanda meli,
ukashuka Mombasa, ukadandia reli,
ukafika kwenye kinamasi kilichoitwa Nairobi,
ukawakuta watu na vilio vyao
na haukumpa mtu pole.

"Na hiki je?" Nyuma ya bega la kushoto
kuna kijifuko, hakitoshi hata ndimu.
"Husemwa zamani mteja alitumbukiza malipo humo,
wakili katazama mbele,
asijue kapewa ngapi."
Nikacheka hadi sindano ikanichoma kidole.
Kumbe kitu kidogo nacho kina babu yake!
Yeye hakucheka sana.

Na ile kofia ya nywele za farasi
iliyolala kwenye mkebe kama paka mgonjwa,
hiyo sikuigusa.
Hiyo apeleke kwa msusi.

Nimeshona kwapa, nimetia kishikizo
kilichotoka kwenye koti la marehemu mume wangu;
sikumwambia.
Jioni akaja, akalibeba mkononi
msiba uliopigwa pasi.
Mia tano zangu alinipa kwa mbele,
macho kwa macho,
nikazihesabu.