Neno Linalopasuka

Kompyuta niliinunua Kibuye, Jumapili,
kwa jamaa aliyeapa imetoka benki.
Kitufe cha herufi N hakipo,
pamebaki chuchu ya mpira mweupe
ninayoibonyeza kwa ncha ya kalamu.
Maikrofoni ilistaafu kanisani,
bado inanuka mate ya mhubiri.
Kisanduku chekundu cha kuunganishia nyaya,
hicho ndicho kilichokula pesa,
na pesa zenyewe, tuambiane ukweli, zilikuwa za cherehani.

Nilianza na ujinga wa kila anayeanza.
Nikaomba trei za mayai kwa Olwal wa chipsi,
arobaini na mbili, nikazibandika ukutani kwa gundi ya viatu.
Mvua ya saa kumi ilipotua juu ya Manyatta
bati lilinicheka kwa sauti yake yote.
Kitu pekee zilichozuia zile trei
ni kalenda ya Awuor, iliyokosa ukuta.

Halafu kule kuchelewa.
Naugusa uzi wa gitaa sasa hivi,
masikioni unafika baadaye,
kama fundi anayesema, "Niko hapa tu Kondele, nakuja."
Siku tatu nilijifukuza mwenyewe
hadi nikapata pa kupunguza ile namba,
elfu moja ishirini na nne, nikaishusha hadi mia moja ishirini na nane.
Kompyuta ikahema kama punda wa mkokoteni,
lakini mkono na sikio vikakutana.

Mimi ni kinyozi. Mvumo wa umeme
hunikaa kiganjani mchana kutwa.
Nikausikia umejificha chini ya wimbo,
nikaufuata waya kwa waya hadi kwenye chaja.
Nikaichomoa.
Kimya kilichobaki kilikuwa na mbwa mmoja, mbali,
na Awuor akigeuka kitandani kwa makusudi.

Alikuwa haongei nami. Wiki ya pili.

Wimbo wenyewe mfupi, mistari minne,
na kila mstari unaanza na pole.
Lakini maikrofoni haipatani na P.
Pole, bu! Pole, bu!
Kwenye skrini neno lilisimama kama kichuguu
katikati ya shamba lililolimwa.
Nikalisema kwa upande.
Nikalisema nikiwa nimerudi nyuma,
likawa pole la mtu aliye ng'ambo ya barabara
na gari linapita.

Nilifungua droo yake bila hodi.
Stokingi moja, rangi ya chai, ya harusi za watu.
Nikaivuta juu ya waya wa hanga nilioupinda duara,
nikaufunga kwa kamba kwenye mgongo wa kiti.
Nikajifunika blanketi kama mgonjwa anayejifukiza.
Pole.
Ikapita, laini, kama unga kwenye chekeche.
Nikarudia. Nikarudia tena.
Saa nane usiku stima ikapotea, ikarudi;
faili ya sita ikafa nayo.

Asubuhi alikuta ushahidi.
Hakugomba. Alivaa hedifoni juu ya kilemba,
akaketi kwenye kiti kile kile chenye kamba,
akasikiliza zote, kumi na nane zilizosalia,
kikombe mkononi, chai ikishika utando.
Nami nimesimama mlangoni na mashine ya kunyolea
kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Ya mwisho ndiyo safi," nikasema.
"Safi ni safi. Ila hapo ulikuwa unaimba."
Akarudi nyuma kwa kidole,
taratibu, kama anayetafuta uzi ulioachia kwenye pindo.
"Ya kumi na moja. Hapa, sauti inapokwama kidogo.
Usiiguse."

Kisha akaitoa mfukoni stokingi ya pili,
akanirushia kifuani.

"Chukua. Moja haina kazi.
Na cherehani yangu bado naidai."