Sebola

Ushuru hakuna. Bango limeandikwa hivyo
hapa Mtambaswala, rangi yake ingali mbichi.
Somoe Likanga hadaiwi hata senti
kwa magunia yake kumi na mawili ya vitunguu.

Anadaiwa cheti cha asili.
Asili ya vitunguu, si yake;
yake haina cheti: bibi mzaa mama
kazikwa ng'ambo, Negomano,
na Kimakua chao hakijawahi kugongwa muhuri.

Anadaiwa karatasi kwamba mzigo hauumwi.
Mkaguzi yuko Masasi, huja Alhamisi.
Alhamisi pikipiki haina mafuta.

Karatasi imefika. Kule wanataka ya Kireno.
Mlinzi wa geti anajua:
kitunguu ni sebola.
Anajua, ila si kazi yake kujua.

Jua la utosi. Huku saa saba,
ng'ambo saa sita.
Huku wametoka kula; wakirudi,
kule ndiyo kwanza wanafunga wakale.
Ruvuma ni mpana,
lakini daraja lilijengwa juu ya maji tu,
halikujengwa juu ya saa ile moja.

Siku ya sita, magunia yameota.
Machipukizi yamepenya matundu ya wavu,
ya kijani, marefu kama vidole vya mtoto anayeomba.

Afisa anainama, anayagusa taratibu,
wala hana ubaya.
"Mama, hivi si vitunguu tena.
Hizi sasa ni mbegu.
Mbegu zina fomu yake."

Somoe anaomba kalamu.