Kifuniko cha Kulia

Gari hili halinywi maji.
Feni ya mapanga kumi na moja hulipepea mgongoni,
na oili huzunguka ikibeba joto,
kama mtumishi asiyeulizwa amechoka.

Watu huniuliza nimejuaje mwaka wake.
Sisomi karatasi; karatasi husema iliyoambiwa.
Naanza na kitasa. Nashuka kwenye magurudumu:
la nyuma likiwa limerudi vidole vitatu, ni sitini na tisa,
walipochoka kuona mkia ukiwatangulia konani siku ya mvua.
Bampa lenye mikunjo ya kinanda ni sabini na nne,
sheria ya Marekani imevuka bahari na kukaa puani.
Uso ni ule ule. Mwaka hujificha pembeni.

Bi Roswitha Kienzle aliniletea lake hapa Esslingen,
Novemba, rangi ya haradali,
glavu za marehemu bado kwenye kiti.
"La sabini na moja," akasema.
"Hartwig alisema. Mwaka wa harusi yetu."

Nikapitisha kiganja nyuma ya mlango wa kulia.
Rangi laini, kazi ya fundi.
Kisha, chini yake, ukingo,
mwembamba kama kovu la chanjo.

Sabini na mbili.
Mwaka huo mmoja tu walitoboa pale mdomo wa oili,
tangi likaletwa mbele ya gurudumu
ili uzito ukae karibu na kiuno.
Wazo zuri, la mtu mwenye kalamu na meza safi.
Lakini vijana wa vituo vya mafuta
walipoona kifuniko walitia petroli.
Mwaka uliofuata, tangi likarudi lilikotoka.

Sikusema kitu. Mkono wangu ndio uliosimama.

"Umekipata," akasema.
"Ilikuwa Ulm, theluji inaanguka.
Mimi ndiye niliyemwonyesha yule kijana: hapo, jaza.
Hartwig alitoka msalani, akasikia harufu,
akachomoa ufunguo. Hakufoka.
Tulirudi nyumbani kwa treni, tukila mkate wa mtu mwingine.
Wiki tatu baadaye gari likaja bila kifuniko.
Akaniambia, nilikosea, Roswitha,
hili ni la sabini na moja,
halijapata kuwa na tundu hapo."

Akavaa glavu moja. Ilimpwaya.
"Miaka arobaini na nane nikamwitikia."

Nilimweleza, kwa kuwa ni kazi yangu,
kwamba wanunuzi wa leo hukitafuta kifuniko hicho,
kwamba kikifunguliwa bei itapanda,
kwamba tangi la aina ile naweza kulipata.
Aliniacha nimalize.

Fomu ina nafasi ya tarakimu nne.
"Andika unachokijua," akasema. "Ila usifungue."

Nimeandika sabini na mbili.
Msasa nimeurudisha kwenye droo.