Kupandisha Daraja

Kajetan alishuka ngazi hadi karakana yangu ya chini ya jengo,
theluji mabegani, gitaa la umeme ndani ya blanketi,
na kiboksi mfukoni alichokishikashika
kama kijana aliyekwenda kuposa.
"Bwana Bogumil, nataka kulipandisha daraja."

Neno hilo.
Kiwandani Lodz nilikaza nati miaka ishirini na sita.
Kila Januari orodha ya waliopandishwa ilibandikwa mlangoni,
nami kila Januari niliisoma kuanzia chini
ili nisijichoshe.

Nikalilaza kifudifudi juu ya taulo, nikafungua mgongo.
Springi tatu zenye kutu ya jasho la watu nisiowajua,
zimeshikilia kipande cha zinki
chepesi kama salamu za meneja.
"Ugonjwa ni huu," nikasema.
"Ukibonyeza mkono, sauti inazama vizuri tu.
Ukiuachia, inarudi,
lakini hairudi kwake. Inarudi kwa jirani."

Akacheka, akafungua kiboksi.
Daraja jipya: bamba la chuma cha pua, vitandiko sita,
na bonge chini yake lililonivuta kiganja.
Nililipima kwa mkono mmoja, kisha kwa mwingine.
Aliyelichonga huyu, nikajisemea, aliona haya kulipua kazi.

Kisha rula.
La zamani lilisimama kwa skrubu sita,
hili linataka nguzo mbili,
na tundu la nguzo linaangukia nusu kwenye tundu la skrubu,
nusu kwenye mti mzima.
Uso wa Kajetan ukasinyaa.
"Jumamosi napiga Pabianice. Harusi ya binamu."
Haraka haraka haina baraka, watu husema.
Mimi husema ina ufa.

Nikavuta droo ya mwisho.
Humo mna bobini ya mti niliyoiokota Ukumbi wa Nne
siku mitambo ilipouzwa kwa kilo,
mitambo niliyoijua mmoja mmoja kwa kikohozi chake.
Nje imelowa mafuta; nikaiparuza hadi ndani,
palipo peupe na pakavu.
Vizibo sita, gundi, nyundo ya mpira.
Nikamwambia nenda kalale.

Halszka akateremka na supu ya viazi,
akanusa, akasema gundi hiyo ina harufu ya ujana wangu.
Sikujibu. Supu ilikuwa ya moto.

Asubuhi drili ikapita kwenye vizibo bila kulalamika,
nguzo zikaingia, nikafunga nyuzi:
mtande wa nyuzi sita usio na mshindio
(mshindio ni vidole vya huyo mtoto),
springi zikivuta huku, nyuzi zikivuta kule,
robo mzunguko wa bisibisi, tena robo, nusu ya robo,
hadi daraja likaelea sambamba na ubao,
halimwegemei mtu.

Kajetan akabonyeza mkono
mpaka nyuzi zikalegea kama kamba ya kuanikia nguo,
akauachia.
Mshale wa kipimo ukasimama katikati.
Akarudia. Katikati.
Mara ya tisa akaacha kuutazama mshale, akanitazama mimi,
nami nikajifanya natafuta kitambaa.

Jumamosi hiyo walicheza hadi alfajiri, nimeambiwa.
Mashangazi walivua viatu.
Hakuna aliyejua kwamba chini ya chuma kile king'aacho
mna vipande sita vya Ukumbi wa Nne
vilivyopandishwa daraja bila orodha.

Ile zinki ilibaki hapa.
Halszka ameifanya kizuizi cha mlango.
Upepo ukija, inasogea kando kwa adabu,
mlango unapita.