Mguu Chini

Baiskeli yangu haina kiti.
Watoto wa jirani huizunguka, huinama,
huniuliza kimeibwa na nani.
Nawaambia hii si ya kukalia.
Hii ni ya kusimama,
na kusimama ndiyo kazi yenyewe.

Hapa Bethesda mvua si mgeni,
ni mpangaji asiyelipa kodi.
Mlima ulio nyuma yetu umekatwa ngazi ngazi
na wanaume waliochimba mawe ya vigae,
wakaezeka miji ya watu, wakatuachia vifusi.
Babu Ithel alilikohoa vumbi hilo hadi kaburini.
Mimi naruka juu yake kwa tairi la nyuma,
breki nimeibana,
tup, tup, tup,
kama kunguru mwenye mguu mmoja.

Usiku nawageuza wazee vitandani
katika nyumba ya kutunzia wazee.
Alfajiri mikono yangu inanuka sabuni,
saa mbili baadaye inanuka grisi.
Mezani jikoni, juu ya gazeti la juzi,
naupima mnyororo: umerefuka, pini zimelika.
Mnyororo hauna adabu ya kuonya.
Hukatika siku unapoutupia uzito wako wote,
na goti likaupokea usukani
kabla hujasema mama.
Usipoziba ufa utajenga ukuta;
usipobadili mnyororo utajengwa goti.
Langu lina nyuzi kumi na moja.

Rimu naikwaruza kwa grenda,
cheche zinarukia sufuria ya supu,
ili mpira wa breki upate pa kung'ata.
Kisha lami, kidogo tu, kama wanja.
Breki njema hupiga kelele.
Meirion wa chini hugonga dari kwa mpini wa ufagio.
Isiyopiga kelele itaniua, nilimwambia siku moja ngazini.
Akanijibu kwa ufagio.

Haya yote nilifunzwa na Tegid.
Enzi zake alipita jiwe hadi jiwe
kama mtu asiyedaiwa chochote na ardhi.
Sasa nyonga yake ni ya chuma,
na mashindanoni hupewa kadi na koleo la kutobolea.
Huhesabu miguu.
Mguu chini, alama moja.
Mguu tena, mbili.
Tano, umekwisha, pisha wenzako.
Mwenye chache ndiye mshindi.

Septemba, kituo cha nne, kijito kikinguruma chini yetu.
Nilisimama juu ya jiwe lenye upana wa sinia,
magurudumu yote mawili kimya,
paja likitetemeka kama simu mfukoni.
Kisigino cha kushoto kikagusa utando wa kijani,
kikagusa tu,
kama anayejaribu joto la maji ya kuoga.
Nikaruka. Nikavuka. Watu wakapiga makofi.
Nikamtazama Tegid.
Tegid akaitazama kadi.
Tuk.
Tundu moja.

Tundu hilo lilinishusha kutoka wa pili hadi wa tatu,
na wa pili ndiye aliyepewa rimu mpya.
Njia nzima ya kurudi hatukusemezana;
vilisema vifuta-mvua vya gari lake.
Nilitaka kumwambia, hukuona vizuri.
Aliona vizuri.
Nilitaka kumwambia hivyo hivyo.

Jumanne akabisha hodi,
mipira miwili ya breki kaifunga ndani ya soksi.
Hakuomba radhi, nami sikumdai.
Akavua koti lililolowa,
akaipindua baiskeli miguu juu,
akalizungusha gurudumu la nyuma
na kutega sikio kama mkunga.
"Spoku ya saba imelegea," akasema.
"Ya nane," nikasema.
Akarudi kwenye tundu la pampu, akahesabu upya kwa kidole,
polepole, midomo ikicheza.
"Ya nane," akakubali.
Nikampa spana.
Akabana breki kuijaribu,
ikalia mtaa mzima ukasikia,
na chini yetu
ufagio ukaanza.