Hesabu ya Miche

Shuleni Matamba tulipangwa mstari tukapaza sauti:
kata mti, panda mti.
Mwalimu Nkwama alipita na fimbo akihesabu viriba;
aliyekausha mche wake alifyeka nyasi hadi jioni.

Leo nalipwa kwa siku
kung'oa.

Saa moja asubuhi, Kitulo. Umande umeganda,
nyasi zinakatika chini ya buti kama chumvi ya mawe.
Bi Luvanda, mhifadhi, amevaa kofia ya sufu,
kwapani daftari lililokwisha kulowa mara tatu.
Hatua tano kati ya mtu na mtu, anasema.
Msindano wa gotini, ng'oa na mzizi.
Uliopita kiuno, msumeno.
Ukiona jani la chikanda, ruka.

Tunakwenda tumeinama, kama watu waliopoteza sindano.

Upepo haujui mpaka.
Mbegu ina bawa moja, jembamba kama ukucha wa mtoto;
inapanda kutoka shamba la baba,
inavuka bikoni bila kibali,
inalala penye maua.
Na mti ukishasimama, basi:
chini yake haliamki ua,
ni majani makavu juu ya majani makavu, mwaka hata mwaka.

Lakini misindano hiyohiyo ndiyo iliyonisomesha.
Ada ya kidato cha tatu: mbao arobaini, mbili kwa nne.
Jeneza la mama
hatukununua mbao.

Baba hajui niendako.
Jana alinishika kiganja, akanusa:
Utomvu. Umepata kazi ya mbao, Enelika?
Nikasema ndiyo, baba. Ya mbao.

Mchana, karibu na bikoni, mche mmoja ukagoma.
Nikaukalia, nikavuta, ukatoka na bonge la udongo,
na ndani ya bonge viazi viwili vya chikanda vimeshikana:
kimoja kimesinyaa, kinatoa alichobakiwa nacho,
kingine kichanga, kinanenepa.
Tunduma wangepimwa kwa kopo.
Nilivirudisha shimoni, nikashindilia kwa kidole gumba,
sikumwita mtu.

Jioni Bi Luvanda anafungua daftari kwenye bodi ya gari.
Ngapi, Enelika?
Mia mbili na kumi na moja.
Anaandika.

Niling'oa mia mbili na kumi na mbili.
Mfuko wa koti unanilowesha paja.